Baiskeli Iliyoulizwa Mama Yake

Tulipomaliza kumzika kaka yangu Mwita, vijana waliobaki nyumbani walikwenda kukaa kwenye pikipiki zao kando ya zizi, wakaanza kubishana kama ilivyo kawaida ya vijana wa Nyamongo. Mmoja alikuwa anauza pikipiki yake, mwenzake anataka kuinunua, na kilichowagombanisha kilikuwa kimoja tu: imetengenezwa India au China? Mnunuzi alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse vumbi, anachungulia chini ya injini. "Hii siyo ya India, mura," alisema, kama vijana wa kwetu wanavyoitana. "Mimi huwezi kuniuzia mbuzi kwenye gunia." Nami nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake wenzangu, macho yamevimba kwa kulia, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaniletea maji ya kunywa, akidhani majonzi yamenipanda kichwani. Nilishindwa nianzie wapi kumweleza. Watu walioijua habari ile wamekwisha, nimebaki mimi, na wa mwisho wao tulikuwa tumetoka kumfukia.

Ulikuwa mwaka wa karantini, katika ile miaka ya hamsini. Ng'ombe walikuwa wameugua midomo na kwato, serikali ikatangaza kwamba mnyama yeyote asivuke Mto Mara, si kwa mnada wala kwa mahari. Anayeishi mjini atasema, haya, ng'ombe wasivuke, kuna nini? Mtu wa kwetu anajua kwamba siku ng'ombe wanaposimama, kila kitu kinasimama. Mimi nilikuwa nimechumbiwa na Chacha, kijana wa Machochwe, ng'ambo ya mto. Ng'ombe wa mahari yangu walianza kuja kabla ya karantini, na wakati ule walikuwa hawakai zizini kwetu hata kidogo. Walipita tu. Kwetu msichana na kaka yake hufungwa pamoja: ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio wanaokwenda kumwolea kaka mke. Mimi nilifungwa na Mwita. Ng'ombe wangu waliingia asubuhi, na jua halijazama walishaswagwa kwenda kwa mzee Nyamhanga, baba yake Wankuru, mke wa Mwita. Ndiyo maana nilikuwa nikimtania Wankuru kwamba yeye ni mke wangu, Mwita ni mtunzaji tu, na chumvi ikizidi kwenye mboga nitamdai mimi.

Utani ule ulikwisha karantini ilipoingia. Nyamhanga alikuwa amemtoa binti yake kwa imani, mahari haijatimia, kwa sababu alijua ng'ombe wengine wako njiani. Sasa njia ilikuwa imefungwa, na Wankuru alikuwa tayari amejifungua mtoto wa kike, Ghati. Nyamhanga aliwahi kudhulumiwa kwa binti yake wa kwanza na hakutaka yamrudie. Alituma neno kwa baba yangu, neno fupi lisilo na matusi, na hilo ndilo lililotutisha. Mavuno yakiisha, alisema, kama waliobaki hawajafika, atakuja kumchukua binti yake na mtoto wake. Mtoto kwetu ni wa ng'ombe. Kama ng'ombe hawakutimia, haijalishi mtoto ana pua ya nani; anahesabika kwa babu yake mzaa mama, na baba yake akimtaka atakuwa mgeni anayebisha hodi. Hayo kila mtu pale nyumbani aliyajua, na hakuna aliyeyasema kwa sauti mbele ya Wankuru.

Jiko letu lilikuwa nyumba ya udongo yenye mafiga matatu katikati, mawe ya kusagia upande wa mlango, na vibuyu vya maziwa vilivyoning'inizwa juu ya moshi. Upande wa uani udongo ulikuwa umebanduka, pakabaki upenyo kati ya fito, na kwa upenyo ule mimi na Wankuru tulisikia kila lililosemwa na wanaume. Mama alikuwa anajua, akajifanya hajui. Tulikuwa tukisaga mtama na muhogo, tunasimamisha jiwe kila mtu anaposema neno zito, na wanaume nao wakisikia jiwe limesimama wanashusha sauti. Wankuru alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na katika miezi ile alijifunza kusaga bila kelele. Mtoto alikuwa akilala kwenye ngozi ya ndama nyuma yake. Kila alipokohoa, Wankuru aligeuka upesi, utadhani mtu amekwisha kuingia kumchukua. Nilimpenda yule mwanamke kuliko dada zangu wa kuzaliwa, na kila jioni nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo mashuke ambayo bado hayajakatwa shambani, nikiomba yasikauke upesi.

Mtama ulipoanza kuinama, Chacha akaja. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Kenya, akarudi na baiskeli aliyoinunua Kisii, mpya, nyeusi, yenye keria ya chuma ya kubebea mzigo. Aliivusha mtoni mabegani huku mwenzake akipiga maji kwa fimbo kufukuza mamba, na alipofika kwetu suruali yake ilikuwa bado inachuruzika. Mama alimpikia ugali wa mtama na mgagani uliotiwa maziwa, akachinja na jogoo, ingawa jogoo yule alikuwa wa mwisho. Chacha alikula kwa adabu ya mkwe, akinywea kimya mchuzi wake, kisha akanawa na kusema alilotumwa na wazee wake. Ng'ombe wa Bhoke, yaani mimi, waliobaki wapo, wanakula majani Machochwe, ila serikali imewafunga. Lakini karantini haikuikataza baiskeli kuvuka. Wazee wameridhia kwamba baiskeli isimame mahali pa wale ng'ombe, kama mzee wangu ataipokea. Akaigeuza magurudumu juu, akapangusa tope pale chini ambapo pedali zinapita, akaniita mimi niliyesoma kidogo kwa wamisheni nisome herufi zilizogongwa kwenye chuma. Nikasoma: India. "Sikufichi, tata," Chacha akamwambia baba yangu. "Za Uingereza zilikuwepo dukani, nikaziacha. Hii fremu yake ni nzito, na mzigo ndio kazi yake."

Baba yangu alishukuru, akasema maneno yanayopaswa kusemwa, lakini Chacha alipoondoka alikaa muda mrefu akiitazama ile baiskeli. Siku zile, msomaji, kila mwenye baiskeli alikuwa Mwingereza. Mwalimu alikuwa na ya Uingereza, katekista alikuwa na ya Uingereza, mwenye duka la Tarime alipanga za Uingereza mbele na nyingine nyuma ya magunia ya sukari. Watu waliokwenda kununua walikuwa wanaipindua baiskeli kwanza, hata asiyejua kusoma, wanapapasa zile herufi kwa kidole na kumwuliza mwenye duka, "Hii ni yenyewe?" Na neno "yenyewe" lilikuwa na maana moja tu. Mwita alikuwa amesikia watu wakimcheka jirani mmoja aliyekuja na ya India. Walimwambia amenunua sufuria lenye magurudumu. Jirani yule aliipanda miaka mingi kuliko waliomcheka, lakini hayo tulikuja kuyaona baadaye.

Baba alimtumia Nyamhanga ujumbe kwamba kuna baiskeli. Tulingoja jibu. Jibu lilipokuja lilikuwa hivi: wanawe Nyamhanga wanataka chombo cha kupeleka mtama na samli mnadani, kwa hiyo hakatai kuiona. Atakuja mwenyewe. Lakini ataikagua kama anavyokagua ng'ombe, kwa kuwa imekuja mahali pa ng'ombe, na ikimshinda ataondoka na binti yake siku hiyohiyo. Wankuru alisikia hayo kupitia kwenye upenyo wetu. Alichukua kibuyu akaanza kukisugua kwa majivu, kibuyu ambacho alikuwa amekwisha kukisugua asubuhi.

Sasa nimseme Mwita, Mungu amrehemu, maana bila yeye habari hii ingekuwa fupi. Mwita alikuwa mtu wa mikono hodari na moyo wa wasiwasi. Katekista alikuwa na baiskeli yake ya Uingereza iliyovunjika shingo ya fremu alipokuwa akishuka mlima, ikawa imelala nyuma ya kanisa inakula kutu. Siku moja nilimkuta Mwita ameketi nyuma ya ghala, ameshika tupa na kisu, na mbele yake imesimama baiskeli ya Chacha. Alikuwa ameing'oa ile nembo ya bati kutoka shingoni mwa baiskeli ya katekista, kwa ruhusa yake au bila ruhusa sikuuliza, na alikuwa akiifunga kwa skrubu kwenye shingo ya hii ya kwetu. Ilikuwa nembo nzuri, nyekundu na dhahabu, ina simba amesimama kwa miguu miwili. Ya India, nembo yake ilikuwa karatasi tu iliyogandishwa, na alikuwa ameshaikwangua.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Unaona."

"Chacha amesema wazi ni ya wapi. Tata amesikia. Mimi nimeisoma kwa macho yangu."

"Nyamhanga hakusikia," akasema. "Wala hasomi. Unadhani yule mzee ataacha kuchukua mtoto kwa ajili ya sufuria lenye magurudumu? Bhoke, anakuja hapa akitafuta sababu. Mimi simpi sababu."

Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia methali haijawahi kumwolea mtu mke. Nikamwambia Nyamhanga akigundua, hatairudisha baiskeli peke yake, atasema hata wale ng'ombe wa mwanzo walikuwa na kasoro, na mahari yote itavunjika. Kwetu ilikuwa hivyo: mtu akikamatwa ameficha asili ya mnyama, kila alichowahi kutoa kinaanza kuchunguzwa upya. Mwita aliendelea kukaza skrubu. Skrubu moja ilimponyoka ikaanguka kwenye majani, tukaitafuta wote wawili, mimi nikiwa bado nakasirika. Nilipomweleza Wankuru, alisema tu, "Baba yangu hajali Uingereza wala India. Anajali kama kitu kitabeba." Nikamwomba amwambie mumewe hivyo. Alimwambia, na Mwita akamjibu kwamba yeye ni mwanamke, hajui wanaume wanavyodharauliana.

Nyamhanga alikuja asubuhi, umande haujakauka, pamoja na mzee mwenzake mmoja na mwanawe mkubwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, blanketi begani, fimbo nyembamba mkononi. Hakukubali kukaa. Mama alinituma nimpelekee maziwa mgando kwenye kibuyu, nikamwamkia nimeinama, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaweka kibuyu chini pasipo kunywa. Mtu asiyekunywa maziwa yako amekuja kwa shauri, hajaja kwa undugu. Nilirudi jikoni. Wankuru alikuwa amekwisha kupiga magoti penye upenyo, mtoto amempakata, nami nikajibanza kando yake mpaka nikawa nasikia moyo wake unavyopiga. Yalizungumzwa yote kwa Kikurya, na mengine yana utamu wake huko, lakini nitayaeleza kama ninavyoweza.

Baiskeli ilikuwa imesimamishwa katikati ya uwanja kama fahali. Nyamhanga aliizunguka bila kuigusa, kwanza kulia, kisha kushoto. Aliinama akatazama chini ya tumbo lake. Alibonyeza tairi la mbele, halafu la nyuma, kwa kidole gumba, vile mtu anavyobonyeza kiwele. Alipapasa fremu yote, kuanzia shingoni mpaka kule nyuma, akitafuta kovu. Aliuliza kama imewahi kuanguka. Baba akasema hapana. Aliuliza kama inapiga kelele ikiwa na mzigo, na kama inakataa mlima. Baba akasema mkwe aione mwenyewe. Wakapakia gunia la mtama kwenye keria, na juu ya gunia wakamkalisha yule mzee mwenzake, aliyekuwa amekumbatia fimbo yake na kuapa kwamba akiumia watu watalipa. Mwanawe Nyamhanga akapanda, akayumba, akashika njia ya mtoni. Walishuka, wakapotea machoni.

Tulingoja. Niliona shati la Mwita limelowa mgongoni. Baba alikuwa ametazama chini. Asubuhi ile alikuwa ameiona nembo, akamtazama Mwita, akatazama pembeni, na mpaka leo sijui kama alikubali au alichoka. Hatimaye tukasikia kengele. Walipanda mlima polepole, kijana anasukuma pedali kwa uzito wake wote, mzee juu ya gunia ameng'ang'ania, na chini yao chuma hakikulia hata kidogo. Mzee aliposhuka alisema, "Hii ni maksai." Nyamhanga alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka kiganja juu ya kiti cha baiskeli, akakiacha pale. Wankuru alinikamata mkono. Tulijua, kila mtu aliyezaliwa karibu na zizi anajua, kwamba mtu akiweka kiganja juu ya mnyama namna ile amekwisha kumchukua moyoni.

Lilibaki swali moja, na kwetu huulizwa mwisho, kwa sababu mnyama anaweza kupendeza na ukoo wake ukawa mbovu. "Mama yake ni wa wapi?" Nyamhanga akauliza.

Mwita akasogea, akaigusa ile nembo yenye simba. "Uingereza, mkwe."

"Uingereza yenyewe?"

"Yenyewe kabisa."

Niliona Mwita anavyonyoosha mabega, mtu aliyemaliza kazi. Na niliona kiganja cha Nyamhanga kikiondoka juu ya kiti taratibu, kikarudi ndani ya blanketi.

"Nilinunua dume la huko," mzee akasema. "Ng'ambo ya mpaka, kwa mlowezi. Kubwa, jekundu, shingo kama mlango. Watu walitoka mbali kuja kuliona. Mama yake alizaliwa Uingereza, ndivyo nilivyoambiwa, nami nikalisifu kwa jambo hilo. Mvua za mwaka huu zilipoanza kupe wakalipanda. Ndigana ikalishika. Ng'ombe wangu wadogo wa hapahapa wakawa wanapita kando yake wakila majani, nalo limelala, linatoa povu. Likafa. Nilitoa ndama wangu wazuri kwa ajili ya dume lile." Akaigusa baiskeli kwa ncha ya fimbo, kwenye simba. "Kule hakuna jua. Hakuna miiba, hakuna mawe. Kitu kilichozaliwa kwenye baridi kinang'aa siku ya kwanza, halafu nchi yetu inakiua. Sitaki tena cha Uingereza. Mkinipa bure sitaki."

Wankuru alinong'ona, "Sikujua dume limekufa. Alilinunua mimi nikiwa nimekwisha kuja huku." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na alipokuwa anayasema sauti ya baba yake ikaja kutoka uwanjani, haikuwa ya hasira, ikamwita kwa jina. Ikasema, "Mfunge mtoto mgongoni, twende."

Watu wengi wamenieleza hekima ya kununua vitu. Wengine wanataka vya mbali, wengine wanataka vya karibu, kila mmoja ana sababu iliyonyooka kama fimbo. Mimi tangu siku ile, mtu akianza kuniambia hataki kitu kwa sababu kimetengenezwa mahali fulani, ninatamani kumuuliza dume lake lilikufa mwaka gani. Chuma hakina habari na mtu. Lakini siku ile sikuwa na falsafa hiyo. Nilichoona ni Wankuru anachukua kitambaa, anamgeuza mtoto mgongoni, anafunga fundo la kwanza kifuani. Hakulia, wala hakunitazama. Vidole vyake vilifanya kazi vile vilivyozoea. Nilipoona anaanza fundo la pili nilitoka nje.

Msichana haingii kwenye shauri la mahari, hasa mahari inayotokana na ng'ombe wake mwenyewe. Nilisimama mbele ya wazee, unga wa mtama mikononi mpaka kwenye viwiko, nikasema, "Shikamoo mzee. Mama yake ni wa India."

"Bhoke, rudi jikoni," baba akasema.

"Mwache," Nyamhanga akasema. Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Mnyama hawezi kuwa na mama wawili. Msichana anasema India, mwenye mke anasema Uingereza. Mmoja wenu ananidanganya mimi, na nimekuja hapa kwa miguu yangu." Akamgeukia Mwita. "Mura. Sema wewe. Sitamuuliza mwingine."

Mwita alikuwa amebadilika rangi. Nilijua anachokipima, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia. Akishikilia Uingereza, mke anaondoka. Akisema India, amejitangaza mwongo mbele ya mashahidi, na mzee ana haki ya kuvunja yote, ng'ombe wa mwanzo na wa mwisho, na mke anaondoka vilevile. Nyuma yangu nilisikia Wankuru ametoka, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mwita alimtazama. Halafu alichomoa kisu kiunoni, na mwanawe Nyamhanga akarudi nyuma hatua moja, lakini Mwita alipiga goti mbele ya baiskeli akaanza kufungua skrubu kwa ncha ya kisu. Ilichukua muda. Alikuwa amezikaza mno. Bati lilipotoka alilitupa majanini, akaipindua baiskeli magurudumu juu, akapangusa vumbi pale chini kwa kiganja chake.

"Bhoke asome," akasema. "Ni ya India. Chacha alituambia wazi siku aliyoileta. Bati nimelifunga mimi. Chacha hakujua, na baba yangu hakunituma."

Nikasoma. Nyamhanga aliuliza kama huko India kuna jua. Nikasema mwalimu alitufundisha kwamba jua la huko linazidi letu. Akauliza kama kuna kupe. Nikasema wapo, ingawa mwalimu hakuwahi kuwataja. Hakuna aliyecheka. Mzee alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu aje, kwenye kigogo cha kukatia kuni, akaweka fimbo mapajani.

"Kwa nini?" akamuuliza Mwita.

"Niliogopa ungeidharau."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa kukuuliza."

Kuku walipita kati ya miguu ya Nyamhanga. Yule mzee mwenzake alikohoa, akasema kwamba kwa desturi shauri hapa limevunjika, kila mtu achukue chake. Nyamhanga alimwinulia kidole anyamaze.

"Nimekagua ng'ombe tangu sijaota ndevu," akasema polepole. "Nimedanganywa na watu wa kila namna. Wote walikuwa wanaficha mgonjwa ili nione ni mzima. Huyu ndiye wa kwanza ninayemwona akimficha mzima." Akamtazama Mwita kwa muda mrefu, mdomo ameukaza. "Mtu asiyejua kudanganya kiasi hiki, binti yangu hatapata shida kumjua. Baiskeli naichukua. Mahari imetimia. Mashahidi wamesikia." Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwangu, na mimi nikachelewa kuelewa kwamba anaomba kibuyu cha maziwa.

Walikunywa, wakaondoka. Mwanawe aliisukuma baiskeli, hakuipanda, maana mzee alisema chombo kinachotolewa zizini hutembezwa kwa heshima mpaka kifike. Chacha alipopata habari alikasirika siku kadhaa kwa sababu tuliionea haya zawadi yake, na alikuwa na haki. Baadaye alinioa, nikavuka mto, na hayo ni maisha mengine. Lakini siku ile, baada ya wageni kupotea kwenye mtama, baba aliingia ndani na mama akamfuata. Mwita alibaki amesimama uwanjani, mikono imening'inia, mavumbi ya magurudumu kwenye kiganja. Wankuru alitoka mlangoni. Alifungua fundo la kifuani, akamshusha mtoto, akamweka mikononi mwa mumewe, akachukua jembe akaenda shambani, kwa kuwa shamba lilikuwa linangoja. Ghati akaanza kulia kwa nguvu. Mwita alikuwa amemshika vibaya, mkono mmoja shingoni, mwingine sijui wapi, utadhani amepewa chungu cha moto, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu mtoto azaliwe sikuwahi kumwona baba yake akimpakata. Nilimsogelea nimwonyeshe namna ya kumshika mtoto kichwa. Akageuza uso nisimwone.

"Sikutaka kumzoea," akasema.